Jengo la Bomani na Kidole cha Hawe Kache

Jumatatu, 12 Mei 2025

Bosi, Bw. Mwangi, kaniita kabla sijamaliza chai. Jengo letu linabadilishwa tena. Safari hii litakuwa kituo cha vijana — kompyuta, intaneti, na ukumbi mpya upande wa nyuma. Sisi tutahamia ghorofa ya kupanga kule barabarani. Nimefurahi, nisijifanye. Paa linavuja juu ya meza yangu tangu nianze kazi hapa, na huu ni mwaka wa kumi na moja.

Faili la mradi ni langu. Linataka vitu vitatu: historia fupi ya jengo, kumbukumbu za mkutano wa wananchi, na orodha ya waliohudhuria. Yote yawe tayari mapema, kwa sababu mwezi wa sita ukiisha kazi haijaanza, fungu la fedha la mwaka linarudi lilikotoka. Bw. Mwangi hakusema kwa ukali. Hasemi kwa ukali kamwe. Anatafuna njugu, anakuangalia, anasema, "Rose, nakuaminia." Hapo ndipo anaponipata. Mimi ni katibu wa ofisi, katibu wa akina mama kanisani, katibu wa kamati ya maji mtaani. Mtu akiniaminia karatasi, nimekwisha.

Alhamisi, 15 Mei

Historia fupi. Nimezunguka jengo na Mzee Kadenge, mfagizi wetu. Amefagia hapa chini ya ofisi tatu na bado anaitwa kibarua.

Babake alimwambia lilijengwa kwa ajili ya mudiri, hakimu mdogo wa enzi za ukoloni. Kesi za minazi na mipaka. Kisha likawa la kodi, na chumba ninachokaa mimi ndimo walimofungiwa wasiolipa. Kanionyesha matundu ya nondo dirishani, na pete ya chuma ukutani. Pete ile! Miaka yote hii natundika mkoba wangu pale.

Wakati wa vita kuu, ghala la mahindi. Baada ya uhuru, zahanati, na chumba cha nyuma kikawa cha wazazi. Halafu chifu, na watu kupangwa foleni ya vitambulisho. Halafu dawa za mifugo — harufu yake bado ipo siku za joto. Halafu sisi. Mzee Kadenge kachukua msumari akakwaruza ukuta karibu na mlango: kijani chetu, chini yake rangi ya maziwa, chini yake buluu ya zahanati, mwisho chokaa. Kila anayekuja hupaka yake, akasema, halafu anatangaza kwamba jengo ni la wananchi.

Nikamuuliza habari za chumba cha wazazi. Akasema huko hajui, mambo ya wanawake. Basi nikaandika: "zahanati, 1966 hadi 1983." Mstari mmoja. Mtaa umejaa wanawake ambao ningeweza kuwauliza. Ilikuwa karibu saa ya chakula.

Jumanne, 20 Mei

Mkutano wa wananchi. Mvua tangu alfajiri. Tangazo nililibandika mlangoni Ijumaa saa tisa, wakati ambao hakuna anayesoma mlango wa serikali. Wamekuja watu wanne. Wawili walitafuta fomu za basari, pesa za karo, mmoja alikuwa anajikinga mvua. Wa nne aliuliza swali la maana: maji taka ya ukumbi yatakwenda wapi? Bosi akamwonyesha kwenye ramani. Tangi litachimbwa nyuma, sambamba na ukuta wa kile chumba cha zamani cha wazazi. Akaridhika, akaenda zake.

Viti hamsini vya plastiki nilivipanga mwenyewe. Nikavipangua mwenyewe.

Jumatano, 21 Mei

Niandike tu, hapa hakuna anayesoma.

Bosi aliuliza, "Orodha yetu ina wangapi?" Nikamwambia wanne. Akatafuna. Akasema orodha ya majina si ipo, ile ya Februari? Watu ni walewale, mtaa ni uleule. Hakuniambia fanya. Alisema tu kwamba ipo.

Orodha ya Februari ni ya vyandarua. Watu sitini na watatu walikuja kuchukua vyandarua vya mbu, kila mmoja akatia saini au kidole. Kurasa tatu. Ya kwanza ina kichwa cha habari juu. Nimeweka kipande cha karatasi nyeupe juu ya kichwa kile, nikatoa kopi, nikaandika kichwa kipya kwa mkono wangu mzuri. Kazi ya dakika mbili. Kuchemsha maji huchukua zaidi.

Halafu kumbukumbu. Mkutano hauna uzito bila aliyetoa hoja na aliyeunga mkono. Nikapitisha kalamu kwenye orodha. Mtoa hoja nikamchukua wa juu kabisa. Wa kuunga mkono nikatafuta jina linalosomeka, nikalipata ukurasa wa pili, lililoandikwa na mimi mwenyewe kwa sababu mwenyewe hakujua kuandika: Kache wa Thoya. Mbele yake alama ya kidole, safi, mistari yote inaonekana. Nikaandika: "Bi. Kache aliunga mkono, akasema wazee wamelipokea jambo hili kwa furaha." Hiyo ya furaha niliongeza ili isomeke vizuri. Hakuna aliyeniomba.

Swabra, tunayekaa naye meza moja, aliona. Alivuta mtandio wake akaendelea kuchapa barua.

Ijumaa, 30 Mei

Faili limekubaliwa. Bosi kanunua soda. Amesema barua ya kukubali imesifu kumbukumbu kwa utaratibu wake. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Jumatatu, 9 Juni

Mkandarasi ameleta mawe na saruji. Swabra kaleta biriani ya Idi kwenye bakuli, tukala sote hata Mzee Kadenge. Siku ilikuwa njema hadi saa nane.

Saa nane akaingia mama mmoja mwembamba, ana zaidi ya miaka themanini nadhani, lesso mbili, kikapu cha mchunga, ile mboga chungu. Mchunga wenyewe alitoka kuuza soko la Kongowea, vimebaki vitita vitatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Mzee Kadenge akamwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, akampa kiti. Nami nikamwita Hawe. Jina lake, akasema, ni Kache wa Thoya.

Lile jina la ukurasa wa pili.

Alisema ameona mawe. Akauliza kwa upole tutachimba upande gani. Nikamwambia nyuma. Akaeleza kama mtu anayeelekeza njia ya kwake. Alizaa pale mara mbili, zamani za zahanati. Wote wawili walizaliwa kimya. Mkunga wa siku hizo hakuwatoa nje ya uwanja huu. Watoto wa namna ile huzikwa na wanawake, bila matanga, bila wanaume kujua. Wamelala chini ya ukuta, na si wake peke yake. Alitaja wanawake watano, sita. Wengine wameshakufa.

"Sikuja kuzuia," akasema. "Serikali ikitaka kujenga itajenga. Mimi nataka siku moja kabla ya jembe. Nije na wenzangu waliobaki, tuseme nao, nichote mchanga niupeleke kwetu Bamba. Siku moja tu, mwanangu. Mbona hatukuitwa tukasema haya?"

Bosi alikuwa mlangoni, amesikia jina lake na swali hilo la mwisho. Akasema kwa heshima kabisa, "Mama, mliitwa. Na wewe ulikuja. Wewe ndiwe uliyeunga mkono." Akaniambia nilete faili. Nikalileta! Miguu yangu yenyewe ilikwenda. Akamfungulia ukurasa wa pili, akamwonyesha kidole.

Hawe hajui kusoma lakini kidole anakijua. Ana kovu la panga linalokata mistari katikati. Aliweka dole gumba lake kando ya ile alama akatazama kimoja, akatazama kingine. Muda mrefu. Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige kelele.

Akasema, "Ni changu." Kisha akasema, "Basi nimesahau." Akaniomba radhi kwa kunisumbua. Mimi! Akaniachia kitita kimoja cha mchunga.

Jumanne, 10 Juni

Sikupika ule mchunga. Sikuutupa pia. Upo jikoni, umenyauka.

Nimejaribu kujipa moyo: ni ofisi nyingi zinafanya hivi, ukumbi ungejengwa tu, mkutano ungekuwa na watu mia na uamuzi ungekuwa uleule. Yote kweli. Lakini angekuwepo, angesema. Angesema yale aliyoniambia mimi jana, na kila mtu angesikia. Kumwibia mtu nafasi ya kusema ni jambo moja. Mimi nimempa na maneno ya kusema. Kwa furaha.

Alhamisi, 12 Juni

Swabra ameongea leo. Tulikuwa tunasubiri maji yachemke. Akasema yeye pia amewahi kutumia orodha ya chanjo kwa mkutano wa taa za barabarani, na hakupoteza usingizi, kwa sababu taa ni taa. Lakini hili, akasema, wallahi hili lina mtu ndani yake. Nikamwambia naomba kwa Mungu kila asubuhi. Akanijibu, "Mungu anajua, Rose. Asiyejua ni bibi wa watu."

Nikanywa chai bila sukari, nikakumbuka ilipokwisha.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda Mtopanga kwa Hawe baada ya ibada. Nilikuwa nimekariri maneno njia nzima: Hawe, kidole kile kilikuwa cha chandarua. Maneno sita. Mtoto wa chekechea angeweza.

Nilimkuta Winfred, mke wa mjukuu wake Kazungu, anafua. Hawe yuko ndani, akasema, siku hizi hatoki. Nikauliza anaumwa? Winfred akapunguza sauti. Akasema Hawe aliwaeleza mwenyewe, kwamba alikwenda mkutano wa serikali, akasimama, akakubali watoto wake wachimbuliwe, na hakumbuki hata chembe. Kazungu ameogopa. Mtu akisahau jambo kubwa kama hilo kesho atasahau njia ya kurudi kutoka Kongowea, atagongwa na malori. Wamemwondolea kikapu. Wamemkataza pia moto. "Kichwa kimeanza kuchoka," Winfred akasema. "Ni umri."

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka anachambua mbaazi, haraka na kwa usahihi, mbovu huku, nzima huku. Akanitambua mara moja. Akaniuliza kama mguu wa bosi wangu umepona — bosi alikuwa anachechemea Jumatatu, mimi mwenyewe sikuwa nimeona. Akaniuliza kama niliupika mchunga.

Nikasema ndiyo. Mtamu.

Nikaletewa chai na mahamri. Hawe akawa ananieleza anavyojichunguza. Kila asubuhi anajitajia majina ya wajukuu wote kwa mpangilio, kisha nyumba za majirani, kisha bei za mboga za wiki iliyopita. Zote anazipata. Ni mkutano tu haupati. Anautafuta hadi kichwa kinauma. "Labda kulikuwa na mvua?" akaniuliza. Nikasema ilikuwepo. Akafurahi kidogo, kama aliyeokota kitu. Akasema, "Eh. Mvua. Inaanza kuja."

Niliondoka. Nilikula mahamri mawili na nikaondoka. Yule mwanamke sasa ana mvua kichwani ambayo mimi nimemtilia, na ataijengea mkutano mzima. Aibu yangu sijui inaishia wapi.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia bosi. Nilifunga mlango nikasema tuondoe orodha, tuitishe mkutano wa kweli hata kwa siku moja, au tumpe Hawe siku yake. Alinisikiliza hadi mwisho. Si mtu mbaya. Ana haraka tu, na ana mabosi wake.

Akasema siku moja si neno, hata yeye ana mama. Lakini ukimpa mmoja, watakuja sita, wataleta wazee, wataleta redio, mtu atauliza hayo mbona hayamo kwenye kumbukumbu. Halafu faili litafunguliwa. Akaligeuza likanielekea mimi. Chini ya ukurasa wa mwisho kuna nafasi mbili. Ya mwenyekiti ina muhuri tu. Ya katibu ina jina langu, saini yangu, na tarehe.

"Sikutishi, Rose," akasema.

Hakunitisha. Nilikuwa natafuta mtu wa kubeba upande mwingine wa mzigo na nimeona hakuna.

Wanaanza kuchimba Jumatatu.

Alhamisi, 19 Juni

Mzee Kadenge ameacha kufagia upande wa nyuma. Hakuniambia kwa nini, nami sikumuuliza. Amekuwa akifagia pale kila siku tangu ujana wake, na hakuna aliyemwambia. Anapita mbali na ukuta, na ndoo yake.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeandika barua ya kukiri. Nimeichana. Nimeandika nyingine, fupi. Iko kwenye Biblia, Zaburi. Mwanangu Maryanne yuko mwaka wa pili chuoni, na kazi hii ndiyo inayomsomesha. Naliandika neno hili hapa ili lisijifiche. Hiyo ndiyo sababu. Sio bosi, sio redio.

Jumatatu, 23 Juni, saa nne asubuhi

Niko ofisini. Nimefunga mlango kwa ndani.

Vibarua walifika saa moja. Wamepiga mstari wa chokaa kando ya ukuta, mita nne kwa tatu. Msimamizi wao anangoja mashine ya kuvunjia sakafu ya zamani ya uani, imekwama njiani huko Nyali. Wamekaa kwenye mawe wanakula viazi karai.

Saa tatu Hawe amekuja. Kazungu amemshika mkono, kaomba ruhusa kazini kwa sababu yake. Ni mwanamume mkubwa, mpole, ananiita madam. Nikatoka nikawaamkia. Nikadhani Hawe amekuja kuomba ile siku moja, na nikawa nimeshakata shauri nitalala kwenye huo mstari wa chokaa mimi mwenyewe, nipigwe picha, liwe liwalo. Ujasiri wa dakika moja, mtu akiwa bado hajaombwa kitu.

Hakuomba siku. Alisema siku imepita, na yeye ndiye aliyekubali, hawezi kuwa mtu wa ndimi mbili. Amekuja kwa jambo dogo. Anataka kwenda pale ukutani sasa hivi, kabla ya mashine, awaombe radhi wanawe. Lakini hawezi kuomba radhi kwa neno asilolijua. Atawaambia nini? Kwamba mama yenu alisema — alisema nini? Wenzake wawili waliobaki nao wamemuuliza hilohilo.

"Wewe uliandika," akaniambia. "Nisomee nilivyosema. Yote, usiniruke kwa kunionea huruma. Ukinisomea huenda nikakumbuka."

Kazungu akanitazama juu ya kichwa chake. Akanong'ona kwamba labda itamtuliza.

Nikawaambia wasubiri kwenye benchi, nikatafute faili.

Faili liko mapajani mwangu. Limekuwa mapajani tangu niketi. Ile sentensi ni mstari mmoja na nusu, ina neno furaha ndani yake. Barua yangu iko nyumbani kwenye Biblia, na hata ingekuwa hapa isingefaa, kwa sababu yeye hasomi. Huyu ni wa kuambiwa kwa mdomo, macho kwa macho, mjukuu wake akisikia.

Swabra amegonga mara moja, hakuita jina langu.

Mashine imefika. Naisikia ikiteremshwa.

Naisikia pia sauti ya Hawe kwenye korido. Kazungu amemwambia madam amekawia, waende tu. Anamkatalia. Anamwambia asiniharakishe, makaratasi ya serikali ni mengi na mtu akiharakishwa huleta lisilo lenyewe.